Mkono Uliogonga Kengele

Kwa miaka ishirini na moja mji ule mdogo uliamka, ukala na kupumzika kwa mkono wa mwanamke mmoja, na wengi hawakuwahi hata kulifikiria hilo. Muuza maziwa wa njia panda alifungua kibanda chake iliposikika kengele ya kwanza ya shule ya sekondari. Mafundi wa gereji waliweka spana chini zilipogongwa zile tatu za mapumziko. Karani wa posta alivaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu, alisema, hata moja haiaminiki. Zote mbili alizirekebisha kwa kengele ile ile.

Aliyeigonga alikuwa mhudumu wa ofisi ya shule, mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na koti la kazi la bluu lililochujuka mabegani kwa jua. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufagia ofisi, kuchemsha chai ya walimu na kupeleka barua. Kengele haikuandikwa popote. Aliachiwa na mzee mmoja aliyestaafu, aliyemwambia, "Nishikie wiki hii tu," na hakurudi tena kuichukua. Wanafunzi walimpa jina la Mama Saa.

"Mama Saa, leo umetuchelewesha dakika nzima!"

"Nilikuwa nakusubiri wewe uvute pumzi. Umeingia mbio kama umeiba kuku."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti, katika kijia kati ya ofisi na jiko. Ilikuwa na tabia yake. Ukiigonga tu bila kuushika mnyororo kwa mkono wa kushoto, ilizunguka, na pigo la pili likatoka limekufa, kama mtu aliyepiga sufuria yenye maji. Mama Saa aliushika mnyororo karibu kabisa na rimu, akaupinda kidogo, ndipo akagonga. Moja, kubadilisha kipindi. Tatu, mapumziko. Mbili kwa mbili, kukusanyika mbele ya mwalimu mkuu. Na ile ya mfululizo, isiyopumzika, ilikuwa ya moto.

Hiyo ya moto ilikuja baada ya ghala la shule kuungua, miaka tisa kabla ya haya yote. Siku ile wanafunzi walijifungia madarasani kwa woga na nusura wafe kwa moshi. Baadaye akaja ofisa wa zimamoto, akawafundisha wote, akamsimamisha Mama Saa mbele ya walimu.

"Mama, moto haumsubiri mwalimu mkuu," alimwambia. "Ukisikia mlipuko, ukiona moshi, usiombe ruhusa kwa mtu. Gonga. Na usiache mpaka wote wametoka."

Sheria ikawa hiyo. Kengele ya moto ikilia, mlango unafunguliwa, kila kitu kinaachwa, watoto wanakimbilia uwanjani na kukaa chini kwa mistari, kidato kwa kidato, ili wahesabiwe. Kila muhula walifanya mazoezi. Walifikia hatua ya shule nzima kutoka kwa dakika mbili na nusu. Mama Saa alipewa cheti, akakitundika sebuleni juu ya redio.

Hakuolewa. Alichopata ni mtoto wa kulea. Mdogo wake wa kiume, kinyozi mwenye kibanda karibu na kituo cha afya, alifiwa na mke binti yao akiwa na miaka minne. Yeye mwenyewe alilala katika chumba kimoja nyuma ya kibanda, kati ya ndoo na magazeti. Akamleta mtoto kwa dada yake. "Kwa muda tu," alisema. Muda ule ukawa miaka kumi. Mtoto alikuwa na doa dogo jeusi chini ya jicho la kushoto, wakamwita Kidoti, na hata walimu wakasahau jina lake la kwenye rejista.

"Shangazi," Kidoti alikuwa akimwambia wakati wa kufunga viatu asubuhi, "leo kipindi cha pili ni hisabati. Tugongee ya moto, tafadhali."

"Nitakugonga wewe kwanza, uone kama utatoa sauti nzuri."

Ndivyo walivyoishi. Jioni walisali pamoja, kinyozi naye akija kwa chakula, na Kidoti akawaombea wote kwa majina, mpaka kuku.

Jumanne moja yalitokea yaliyotokea.

Kuna jambo la kusemwa kwanza. Wiki ile maabara ya shule ilikuwa inanuka gesi. Mwalimu wa kemia alilalamika mara mbili, akaambiwa fundi anakuja. Mama Saa ndiye aliyepeleka barua zote mbili.

Saa nne kasoro kumi alikuwa jikoni anamimina chai kwenye chupa ya walimu. Ukaja mlio kutoka upande wa madarasa, mmoja, mzito, vioo vikatetemeka. Alisema, "Gesi." Alisema peke yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali. Mlio wa pili ulimkuta kwenye kijia, chuma cha kugongea mkononi.

Akagonga. Aligonga kama alivyofundishwa, bila kupumzika, na hakumwomba mtu ruhusa.

Haikuwa gesi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyefukuzwa shuleni hapo mwaka uliotangulia. Alipita kwenye tundu la ua nyuma ya vyoo akiwa na bunduki ya baba yake, bunduki yenye kibali, iliyofungiwa kabatini na ufunguo wake ukawekwa juu ya kabati lile lile. Alimuua mwalimu wa nidhamu mlangoni mwa darasa. Baada ya hapo madarasa yalijifunga yenyewe. Walimu walisukuma meza milangoni, watoto wakalala sakafuni, na kijana yule alikuwa anatembea peke yake kwenye ujia mtupu wa madarasa.

Ndipo kengele ya moto ikalia, na milango ikafunguliwa.

Walitoka zaidi ya mia tatu. Hawakusukumana. Walikimbilia uwanjani wakakaa chini kwa mistari, kidato kwa kidato, kama walivyozoezwa. Mstari wa kidato cha pili ndio uliokuwa karibu na ujia.

Watatu walikufa pale, mmoja wao Kidoti. Bunduki ilipokwama, mwalimu wa kilimo na mlinzi wa geti walimwangusha kijana yule wakamkalia mpaka polisi walipofika.

Mama Saa hakuona mwanzo wake, kwa kuwa kutoka kwenye kijia uwanja hauonekani. Aligonga mpaka aliposikia kelele ambazo si za mazoezi. Akaweka chuma chini, akazunguka pembe ya ofisi. Aliyoyaona hajawahi kumsimulia mtu.

Hospitalini, nesi alimfunga bendeji mkono wa kushoto. Mnyororo ulikuwa umemla kiganja, nyama imechanika kwenye vidole viwili. "Umeanguka, mama?" nesi aliuliza, na bila kungoja jibu akaandika kwenye kadi: jeraha la kiganja cha kushoto. Ukumbini palikuwa na askari mpelelezi na daftari.

"Mama, ulisikia nini?"

"Mlio. Halafu mlio mwingine. Halafu kengele."

"Ulimwona mtu?"

"Watoto."

Askari akaandika, akamsomea, akampa kalamu. Hakumuuliza kitu kingine, na yeye siku ile hakuwa na neno la ziada mwilini. Angeulizwa jina lake, pengine angelikosa.

Siku ya tatu redio ikasema muuaji aligonga kengele ya moto ili kuwatoa watoto nje. Alisoma pale, alijua maana yake, chuma kilikutwa sakafuni. Nani alianza kusema hivyo haikujulikana. Mwalimu mkuu alikuwa amejificha stoo, katibu muhtasi chini ya meza, na kijana mwenyewe alifunga mdomo tangu alipokamatwa. Mji ulilishika neno lile kwa mikono miwili. Kila aliyelitaja alitikisa kichwa, na kila aliyelisikia alionekana kupata mahali pa kuweka hasira yake.

Mama Saa alilisikia mazishini, akiwa amekaa kati ya wanawake. Walikuwa wanamngoja alie. Walikuwa wameshamwandalia kanga ya kufutia na bega la kuegemea. Yeye aliangalia masufuria ya chakula cha wageni na akaona kuwa mifuniko miwili imebadilishana, ule mdogo uko juu ya sufuria kubwa, umezama. Aliinuka akaenda kuirekebisha.

"Mwache," mwanamke mmoja alinong'ona. "Amekufa ganzi."

Ni kweli. Mungu hakumnyima pumzi, ila alimnyima machozi. Alirudi nyumbani akatandika vitanda vyote viwili. Alisali, na sala yake ikawa fupi: "Bwana, mimi niko hapa." Halafu alikaa kimya, na kimya kilikuwa hakina kitu ndani.

Shule ilifunguliwa baada ya wiki sita. Rimu na chuma vilikuwa vimechukuliwa na polisi kuwa vielelezo. Pakafungwa kengele ya umeme yenye kitufe ofisini, inayolia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na katibu muhtasi ndiye aliyeibonyeza. Mama Saa alichemsha chai. Mafundi wa gereji wakaanza kugombana kuhusu saa ya chakula.

Mdogo wake alipita njia nyingine. Kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, kinyozi alikwenda kanisani kusali, na kila kesi ilipotajwa alifunga kazi akaenda mahakamani, amevaa suti yake ya harusi. Hati ya mashtaka aliijua kwa moyo. Kesi iliahirishwa mara saba, naye alikwenda mara zote saba. Mchana mmoja Mama Saa alipompelekea chakula, alimkuta anamnyoa fundi baiskeli, mtu asiyejua kunyamaza hata wembe ukiwa shingoni.

"Yule afungwe mpaka ndevu zimfike magotini," fundi baiskeli alisema.

"Na asinyolewe," kinyozi akajibu. "Gereza likiniita, nitasema mashine imeharibika."

"Ukiitwa wewe utaenda na shoka."

"Tulia, sikio lako hili nitalikata bure." Kisha akasimamisha mashine. Alimgeukia dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli. "Dada, mimi ni mtu wa kusali. Angefyatua kama mtu aliyepagawa, ningesema ni pepo, nikamwachia Mungu. Lakini kengele? Kengele ni akili. Alikaa, akafikiri, akasema, ngoja niwaite. Hilo ndilo silali nalo."

"Chakula kitapoa," Mama Saa alisema.

Mwezi wa kumi na nne tangu siku ile aliitwa na mwendesha mashtaka, mwanamke kijana aliyekuwa na mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, hata ikabidi ayaweke sakafuni ili shahidi wake akae.

"Mama, wewe utakuwa shahidi wa kumi na moja. Usiogope. Nitakuuliza ulisikia nini, utajibu kama ulivyoandikisha. Milio miwili, kisha kengele. Basi, unashuka."

"Mwanangu, hiyo kengele lazima iwemo?"

"Mama yangu, kengele ndiyo kesi." Alisogeza kiti. "Wakili wake anasema kijana alikuwa na ugomvi na mwalimu mmoja, kwamba baada ya hapo akili ilimruka. Jaji akikubali hilo, atampa miaka, na ipo siku atatoka. Lakini mtu anayegonga kengele ili watoto watoke, akili haijamruka. Huyo anafia gerezani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Una swali?"

Lilikuwepo. Ila chumba kilikuwa na joto, na yule binti aliangalia saa yake. Mama Saa akasema hana.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Kibanda kilikuwa hakina mteja, kinyozi anapaka mashine mafuta. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, wakawa wanaangaliana kwenye kioo.

"Mdogo wangu, kengele niligonga mimi."

Kinyozi aliendelea kupaka mafuta. "Unasema?"

"Siku ile. Nilidhani mtungi wa gesi umelipuka. Ni mimi."

Mashine aliiweka mezani taratibu sana. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akasimama nyuma ya kiti. Mama Saa alimwona kwenye kioo jinsi uso wake ulivyojaribu mambo mengi na usifanikiwe hata moja.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Basi usimwambie mwingine."

"Wataniapisha."

"Waache wakuapishe! Jibu ulichoulizwa. Ulisikia kengele? Ulisikia. Hujasema uongo." Sauti yake ilishuka. "Dada, yule kijana kaua. Kwa mkono wake. Wewe ukisema hilo, humfufui mtu. Unampa mlango wa kutokea, halafu kila mwenye mtoto mji huu anakutazama wewe. Mungu anajua uliyofanya. Inatosha akijua yeye."

"Yeye ndiye haniachi."

"Mimi ndiye baba wa mtoto." Alisema polepole, kila neno peke yake. "Mimi ndiye ninayekuomba."

Miaka kumi alikuwa hajawahi kumkumbusha hilo. Mama Saa aliinuka, akachukua bakuli la jana lililokuwa dirishani, akatoka. Walimlea mtoto pamoja, na sasa aliona wazi kuwa kesho kutwa mahakamani atampoteza huyu mmoja aliyembakia, au ataapa kwa jina la Mungu kisha aibe katika kiapo kile kile. Aliyaweka mambo yale mawili mbele yake usiku kucha na hayakumuuma hata moja. Hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyotoa mlio kila ilipofika upande wa jaji. Kinyozi alikaa benchi la pili, mikono magotini. Mshtakiwa alikuwa kizimbani, amenenepa, macho kwenye viatu vyake. Mama Saa aliapa, akasimama, akajibu.

"Ulisikia nini?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Milio miwili."

"Kisha?"

"Kengele ya moto."

"Asante, mama. Sina zaidi."

Ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshageuka kutafuta ngazi, wakili wa utetezi aliposimama. Alikuwa mzee mrefu mwenye kikohozi, na ilionekana amesimama kwa kutimiza wajibu tu, maana aliuliza bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake.

"Shahidi, kengele ilipogongwa wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kengele."

"Karibu na kengele?"

"Kwenye kengele. Nilikuwa naigonga."

Feni ikalia upande wa jaji. Wakili alivua miwani. Mwendesha mashtaka alisimama akakaa, akasimama tena. Nyuma mtu alisema, "Yesu wangu," na karani akaamuru kimya ingawa kimya kilikuwa kimeshaingia chenyewe.

"Rudia, mama," jaji alisema.

Akarudia. Alisema habari ya gesi, ya barua mbili za mwalimu wa kemia, ya ofisa wa zimamoto. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza walimu nani hatumii sukari. Wakili alimuuliza aligonga kwa muda gani.

"Mpaka waliponyamaza wengine na kupiga kelele wengine."

"Ulijua ni bunduki?"

"Hapana. Ila milio mingine ilikuja wakati nagonga. Nikafikiri maabara inaendelea kulipuka. Nikagonga kwa nguvu zaidi."

Mwendesha mashtaka aliruhusiwa kumhoji tena. Mashavu yake yalikuwa yamewaka. "Mama, miezi kumi na minne umekaa na hili. Kwa nini mahakama ikuamini leo? Pengine umemwonea huruma mshtakiwa."

"Simwonei huruma. Naomba Mungu anipe, hajanipa." Aliinua mkono wa kushoto, akaufungua. Makovu mawili yalikuwa yamepita kwenye vidole. "Rimu ile lazima uushike mnyororo. Usipoushika, inazunguka, haitoi sauti. Yeye alikuwa ameshika bunduki kwa mikono miwili, wote walioona wamesema. Mkono wa tatu angeupata wapi? Kadi ya hospitali ipo, nilifungwa bendeji siku ile ile."

Kijana wa kizimbani aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama mhudumu wa shule yake ya zamani. Wakili wa utetezi aliinama kwa heshima. "Nakushukuru sana, mama," alisema. Shukrani ile ilimshukia kama maji ya kuoshea vyombo.

Alipotazama benchi la pili, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Hukumu ilisomwa wiki nne baadaye. Jaji alieleza kuwa kengele haikuwa ya mshtakiwa, na kwamba aliyeigonga alitimiza wajibu kwa nia njema. Mauaji manne yalithibitika. Kifungo, miaka arobaini. Nje mtu mmoja alipiga hesabu kwa sauti: atatoka na miaka sitini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitozwa faini kwa bunduki yake, akauza duka, akahama.

Mji haukumpiga mawe Mama Saa. Muuza maziwa alimwongezea kipimo bila kumtazama usoni. Mama mmoja wa wale watoto wengine wawili alikuja, akakaa sebuleni robo saa, akasema, "Nimekuja tu," akaondoka. Mama wa wa pili alivuka barabara kila alipomwona, na Mama Saa akawa anavuka kabla yake ili kumpunguzia safari. Siku moja mtu aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa jiko la shule, ASANTE KWA KUTUITA. Alichukua ndoo akaufuta, kwa sababu kuta zilikuwa kazi yake. Cheti cha zimamoto kilibaki juu ya redio. Hakuwa na nguvu ya kukishusha wala sababu ya kukiacha.

Mdogo wake hakumtukana. Alihama tu benchi kanisani, akakaa upande wa wanakwaya. Mama Saa alipompelekea chakula, yeye alilipokea bakuli kwa mikono miwili kama mgeni, na kesho yake likarudishwa na jirani, limeoshwa, limekauka. Wiki kumi na moja zilipita hivyo. Mama Saa alizihesabu kwa mabakuli.

Jumamosi mchana kinyozi akaja. Alisimama mlangoni, viatu vina nywele za wateja.

"Nimekuja kuchukua vitu vya mtoto."

"Viko chumbani kwake."

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na begi la shule, sweta, na viatu vya michezo vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake. Alifika katikati ya sebule akasimama.

"Dada, nikuulize kitu. Jaji hakukuuliza."

"Uliza."

"Aliposikia ile kengele. Alijua ni wewe?"

Angeweza kusema hajui. Lilikuwa jibu jepesi, na pengine hata Mungu angelipitisha. Mama Saa alitazama viatu vile vya michezo, kimoja kimeliwa kisigino kwa upande, kama alivyokuwa anavitembelea mtoto.

"Alijua," alisema. "Aliujua mkono wangu tangu ana miaka minne. Siku nikiumwa, akigonga mlinzi, alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, leo kengele ilikuwa na mafua."

Kinyozi aliinamisha kichwa, akakubali kitu ambacho hakukisema. Akavuta kigoda akakaa, begi likiwa mapajani.

"Kwa hiyo alitoka haogopi," alisema.

"Sijui, mdogo wangu."

"Alitoka haogopi. Alisikia ni wewe, akatoka." Alilisema mara ya tatu, lakini bila sauti, midomo tu.

Mama Saa hakujua kama hilo lilikuwa lawama au rehema, na hakuuliza. Walikaa. Nje kuku walikuwa wanaparua. Alimimina chai vikombe viwili, akaweka kimoja mbele yake, naye kinyozi alikinywa chote, mpaka majani ya chini.

"Godoro sitaliweza leo," alisema alipoinuka.

"Liache."

"Nitalifuata Jumamosi ijayo."

"Njoo mchana," Mama Saa alisema. "Asubuhi nitakuwa nafua."